Sekunde 42 za Takafumi Nishitani

Ukitaka kuzielewa mbio za njia fupi kwenye barafu, usianze na miguu. Angalia mkono wa kushoto. Mtelezaji akiingia kwenye kona, mwili wake hulala upande hadi bega likakaribia kugusa barafu, na vidole vya mkono huo vikapita juu ya barafu kama vya mtu anayepapasa kiberiti gizani. Ndiyo maana glavu ya kushoto huwekwa vikofia vigumu kwenye ncha za vidole. Bila hivyo vikofia kitambaa kingenasa kwenye barafu, na mtu anayekwenda zaidi ya kilomita 40 kwa saa juu ya chuma chembamba hana nafasi ya kunaswa na chochote.

Takafumi Nishitani alikuwa na miaka 19 tarehe 21 Februari 1998, siku aliposhinda mita 500 za mbio za njia fupi ndani ya jengo la White Ring, mjini Nagano, Japani. Muda wake ulikuwa sekunde 42.862. Japani haijawahi kabla yake kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huu, na kuanzia hapo hadi Olimpiki ya Beijing mwaka 2022 haikupata nyingine. Si dhahabu tu: hata fedha au shaba haikuonekana tena. Kijana mmoja, chini ya dakika moja, kisha kimya cha zaidi ya miaka 20.

Wengi wanaozitazama mbio hizi mara moja kila miaka minne wana jibu tayari kuhusu ushindi kama huu: bahati. Watu wanaanguka ovyo, refa anafuta matokeo, aliyebaki amesimama anapewa medali. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini kwa mita 500 linapotosha, na kwa Nishitani linamdhulumu.

Kwanza tutenganishe michezo miwili ambayo magazeti huichanganya kila siku. Kuna mbio za kasi kwenye barafu za njia ndefu: uwanja wa mita 400, watu wawili wawili, kila mmoja kwenye mstari wake, na adui wao mkubwa ni saa. Pale Nagano hizo zilifanyika kwenye jengo jingine kabisa, M-Wave, na Hiroyasu Shimizu wa Japani alishinda mita 500 zake siku kumi na moja kabla ya Nishitani. Kwa hiyo Japani ilipata dhahabu mbili za “mita 500 kwenye barafu” katika Olimpiki moja, na si ajabu mtu wa mbali akadhani ni moja iliyohesabiwa mara mbili.

Njia fupi ni kitu kingine. Hapa mnaingia kwenye uwanja wa ukubwa ule wanaochezea watu wa dansi ya barafu, mita 60 kwa 30, na ndani yake huchorwa njia ya mviringo yenye urefu wa mita 111.12. Hakuna mstari wa mtu binafsi. Kona huonyeshwa kwa vialama vya mpira vilivyowekwa juu ya barafu, saba kila upande, na mtu akikipiga teke kimoja kikaruka, msimamizi anateleza haraka kukirudisha kabla kundi halijazunguka tena. Katikati ya mbio utawaona wasimamizi hao hao wakimwaga maji kwenye kona, ili yagande na kuziba mifereji iliyochimbwa na makali ya viatu. Mnazunguka kinyume cha saa, kushoto, kushoto, kushoto. Muda wako una umuhimu mdogo. Kinachohesabika ni nani yuko mbele ya nani.

Mita 500 ni mizunguko minne na nusu. Mita 1000 ni tisa, na 1500 ni kumi na tatu na nusu. Tofauti hii inaonekana ya hesabu tu, kumbe ndiyo inayobadilisha mchezo mzima. Katika mita 1500 unaweza kukaa nyuma, ukajificha kwenye upepo wa wenzako, ukasubiri wachoke, ukachomoka mizunguko mitatu kabla ya mwisho. Katika mita 500 hakuna wa kumsubiri. Bunduki ikilia, watu wanne wanakimbia, namaanisha kukimbia kwelikweli, hatua fupi za kuchimba barafu kwa ncha ya chuma, kuelekea kona ya kwanza iliyo mita chache tu mbele. Anayeifikia wa kwanza anachukua upande wa ndani. Wa pili ana mambo mawili ya kuchagua, kumzunguka kwa nje kwa njia ndefu zaidi, au kungoja akosee.

Kwa nini kupita ni kugumu kiasi hicho? Tupige hesabu ya shule ya sekondari. Nusu kipenyo cha kona iliyowekewa vialama ni mita 8. Kasi ni kama mita 12 kwa sekunde. Kasi mara kasi ni 144. Gawanya kwa 8 upate 18, yaani karibu mara mbili ya mvuto wa dunia. Kwa kweli watelezaji huchora upinde mpana kuliko vialama, wanaingia kwa nje, wanabana katikati, wanatoka kwa nje, kwa hiyo tupunguze tuseme mara moja na nusu. Hata hivyo mtu wa kilo 70 atakuwa amelala zaidi ya nyuzi 50 kutoka wima, na ukijumlisha uzito wake na nguvu ya kona, mguu wake mmoja unabeba kama kilo 126. Mguu mmoja, kwa sababu mwingine uko hewani ukivuka mbele yake. Sasa mwambie mtu huyo aongeze kasi ampite mwenzake kwa nje, ambako njia ni ndefu zaidi. Anahitaji nguvu ambayo mguu wake hauna, au barafu haiwezi kuishika.

Viatu vyenyewe vimetengenezwa kwa ajili ya ulalaji huo. Chuma hakikai katikati ya soli. Kimesogezwa kushoto, la sivyo pembeni mwa kiatu pangegusa barafu mwili ukilala. Kisha chuma hicho kimepindwa kidogo sana kufuata kona ya kushoto, upindo ambao kwa macho ya kawaida hauuoni mpaka ukiweke sawa na jicho kama fundi seremala anayekagua ubao. Mwaka ule wa Nagano gumzo lote la njia ndefu lilikuwa kiatu kipya kinachoachia kisigino, chuma kinabaki chini huku mguu ukinyanyuka, na rekodi zikawa zinaanguka kama maembe. Watu wa njia fupi hawakukichukua. Chuma chao hufungwa imara mbele na nyuma, kwa sababu kwenye kona unataka kiatu kikutii, si kiwe na mambo yake.

Basi turudi White Ring. Fainali ilikuwa na Wajapani wawili, Nishitani na Hitoshi Uematsu, na nyumbani kwao. Wa tatu ninayemtaja ni An Yulong wa China. Matokeo: Nishitani 42.862, An 43.022, Uematsu 43.713.

Hebu tuzisome namba hizo kama mtu anayesoma risiti. Wastani wa kasi ya Nishitani ni mita 11.67 kwa sekunde, kilomita 42 kwa saa, pamoja na kuanza akiwa amesimama. Kati yake na An kuna sekunde 0.160. Kwa wastani huo wa kasi, ni kama mita 1.9, kimo cha mtu mrefu aliyelala. Katika mchezo ambao dhahabu huamuliwa kwa ncha ya chuma, huo ni mwanya wa kupumua. Siku nne kabla, kwenye mashindano hayo hayo, ilionekana mwanya mdogo ulivyo: katika mita 1000 Kim Dong-sung wa Korea Kusini alirusha mguu mbele mstarini akamshinda Li Jiajun wa China kwa sekunde 0.053. Nishitani hakuhitaji kurusha mguu. Kutoka kwa An hadi Uematsu tena kuna sekunde 0.691, mita 8 hivi. Mita 8 katika mizunguko minne na nusu ni dalili ya mtu aliyeshapoteza mwendo wake mahali fulani, na ukishaupoteza kwenye mita 500 huna muda wa kuutafuta.

Kwa hiyo, huyu hakuokota medali. Alikuwa na mwanya wa mita mbili kasoro dhidi ya mtu aliyebaki amesimama na kumkimbiza hadi mwisho.

Ukitaka kuona medali iliyookotwa kweli, usiende mbali, ilikuwa Nagano hiyo hiyo. Mita 500 za wanawake: katika fainali mmoja alianguka asimalize, mwingine akaenguliwa na waamuzi. Wakabaki wawili, Annie Perreault wa Kanada na Yang Yang wa China, dhahabu na fedha. Shaba je? Ikapewa Chun Lee-kyung wa Korea Kusini, ambaye hakuwemo hata kwenye fainali hiyo. Alikuwa amekimbia fainali ndogo, ile ya kupanga nafasi za chini, akashinda, na sheria ikampandisha. Chun alikuwa bingwa mkubwa mwenye dhahabu zake, hakuna anayemwonea gere, lakini utaona kwa nini watu husema mchezo huu ni kamari.

Nagano ilikuwa na mambo. Ndiyo Olimpiki ambayo Philip Boit wa Kenya alishiriki kilomita 10 za kuteleza nyikani kwenye theluji, akamaliza wa mwisho, wa 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamsubiri mstarini amkumbatie. Wenyeji nao walimaliza na dhahabu tano. Timu yao ya kuruka na skii ilishinda tarehe 17 Februari katika theluji nzito ya Hakuba, nchi nzima ikalia. Ya Nishitani ilikuja siku nne baadaye, ya tano na ya mwisho, siku moja kabla ya pazia kufungwa. Nadhani hilo nalo limemfanya asahaulike upesi: karamu ilikuwa imeshafikia kwenye kuosha sufuria. Wakati Yuzuru Hanyu alipotwaa dhahabu ya kuteleza kwa mitindo kule Sochi mwaka 2014, akiwa na miaka 19 na miezi miwili, dunia nzima ilizungumzia udogo wa umri wake. Nishitani alikuwa na miaka 19 na mwezi mmoja.

Hoja ya bahati ilipata nguvu mpya miaka minne baadaye, Salt Lake City 2002, na wengi hawajui kwamba kuna Mjapani katikati ya kisa hicho. Kila mtu anamjua Steven Bradbury wa Australia, aliyekuwa nyuma kabisa kwenye fainali ya mita 1000, wanne waliokuwa mbele yake wakagongana kwenye kona ya mwisho, akapita akiwa amesimama wima, dhahabu. Lakini fikiria alivyofika fainali. Katika nusu fainali yake, Kim Dong-sung alianguka, kisha wengine wakagongana mwishoni, na Satoru Terao wa Japani, mwenzake Nishitani kwenye timu ya taifa, akaenguliwa na waamuzi. Bradbury akapanda. Bila kalamu ya refa kumpitia Terao, huenda kisa cha Bradbury kingesimuliwa tofauti. Na angalia ni umbali gani: mita 1000, mizunguko tisa, ambako watu wana muda wa kukaa nyuma na kupanga. Bahati ya aina hiyo humpata aliye nyuma. Kwenye mita 500 ulinzi bora ni kutokuwa na mtu mbele yako wa kukuangukia, na huo ni ustadi wa sekunde tano za kwanza.

Nishitani mwenyewe alirudi kwenye Olimpiki baada ya Nagano na hakupata medali tena. Katika mita 500 hilo halihitaji fumbo. Nguvu ya kuchomoka ndiyo inayokwenda kwanza mwilini, na kasi ya mchezo ilikuwa inapanda bila huruma. Pale Salt Lake City Marc Gagnon wa Kanada alishinda kwa 41.802, sekunde moja nzima chini ya muda wa dhahabu ya Nagano. Mwaka 2018, Wu Dajing wa China alishinda kwa 39.584. Mwaka 1998 unakuwa bingwa kwa muda ambao miaka 20 baadaye usingekupeleka popote.

Kinachonisumbua zaidi ni Japani kama nchi, kwa sababu haikuwa mgeni kwenye mchezo huu. Ilikuwa miongoni mwa wenyeji. Mashindano ya dunia rasmi yalianza mwaka 1981, na kabla muongo haujaisha Wajapani walikuwa wamejaa kwenye orodha ya mabingwa: Mariko Kinoshita mwaka 1984, Eiko Shishii mwaka 1985 na tena 1987, na kwa wanaume Toshinobu Kawai mwaka 1985. Mchezo ulipoingizwa rasmi kwenye Olimpiki, Albertville 1992, Kawai bado alikuwepo, akachukua shaba na wenzake katika mbio za kupokezana za mita 5000, mizunguko 45 ambamo hakuna kijiti: anayemaliza zamu humsukuma mwenzake kiunoni kwa mikono miwili ampe kasi yake yote. Shaba hiyo, na medali mbili za Nagano, dhahabu ya Nishitani na shaba ya Uematsu, ndizo medali zote za Japani katika njia fupi hadi mwaka 2022. Tatu.

Upande wa pili wa bahari, Korea Kusini ilikuwa na dhahabu 26 kufikia mwaka huo huo.

Miaka ya 1980 nchi zilizouchukulia mchezo huu kwa uzito zilikuwa chache, na Japani ilikuwa mojawapo. Ulipopata hadhi ya Olimpiki, Korea na China zilitia nguvu za dola. Korea hasa iliona jambo la wazi: uwanja wa mita 400 ni ghali, lakini uwanja wa mita 60 kwa 30 unaweza kuwa nao katika kila mji. Japani ilikuwa tayari na mapenzi mengine, njia ndefu, na mwanamichezo wa Kijapani kwa desturi huishi kwa mshahara wa mwajiri anayemruhusu afanye mazoezi. Waajiri hao wana hiari. Mtelezaji Nao Kodaira, bingwa wa mita 500 za njia ndefu mwaka 2018, alikuwa ameajiriwa na hospitali mjini Matsumoto. Njia fupi haikuachwa yatima kabisa, kampuni kubwa kama Toyota imeajiri wakimbiaji wake, lakini kijana mwenye mapaja ya chuma akitazama wapi kuna njia ya maisha, anaona M-Wave.

Na akili ya njia fupi haikupotea, ilihama tu. Mwaka 2018 Nana Takagi alishinda mbio za kundi kwenye uwanja wa mita 400, mbio za njia ndefu zilizoazima tabia za njia fupi. Alikaa nyuma ya Irene Schouten wa Uholanzi hadi kona ya mwisho. Schouten akatoka nje kidogo. Takagi akachukua ndani.

Nishitani yeye alihamia mbali zaidi. Aliacha barafu akawa mwendesha baiskeli wa kulipwa wa keirini. Kwa asiyeijua, keirini ni mbio za baiskeli zinazochezewa kamari kihalali nchini Japani tangu mwaka 1948, zilipoanzia Kokura. Huingii kwa kujisikia. Lazima upite kwenye chuo chao, kilicho Izu, na wakati ule walikuwa na mtihani maalumu kwa wasiowahi kuwa waendesha baiskeli: unaruka juu ukiwa umesimama, unapimwa nguvu za mgongo, basi. Ukifaulu watakufundisha baiskeli baadaye. Mtihani huo ulikuwa kama umeandikwa kwa ajili ya watu wa barafu, na wengi wao wameupita. Toyoki Takeda, aliyeteleza mita 500 za njia ndefu Salt Lake City, alikuwa mmoja wa nyota wakubwa wa mchezo huo.

Baiskeli ya keirini haina breki wala gia za kubadilisha. Miguu ikisimama, gurudumu linasimama. Kwa kawaida wanakimbia tisa, karibu mita 2000, nyuma ya mtu anayewaongoza kwa mwendo uliopangwa hadi anapojitoa kwenye njia, kisha kila mtu na roho yake. Kabla ya hapo kazi yote ni nafasi: nani anakaa nyuma ya nani, nani anamkinga nani upepo, nani anambana nani asichomoke. Washindani hufungiwa bwenini siku zote za mashindano bila simu, wasije wakawasiliana na wacheza kamari, na waliotoka mkoa mmoja hupangana mstari kusaidiana kabla ya kugeukana mita za mwisho. Njia yenyewe imeinuliwa kwenye kona ili isikutupe nje, na inazungukwa kwa kushoto.